Diski ya maji kwa kioo na marumaru: ipi ununue kwanza

Ingia duka lolote la vifaa pale Gerezani, Dar es Salaam, useme unataka diski ya almasi. Mara nyingi utapewa yenye meno, ile iliyokatwa nafasi nafasi pembeni. Bei yake poa, inakata haraka, na kwa zege au tofali ni chombo kizuri kabisa. Kwa kioo na marumaru ngumu, yaani vigae vya sakafuni na ukutani, itakutia hasara. Niliinunua mimi, nikasagia nayo pembe za kioo cha meza, milimita 10, cha mteja wa Tabata. Siku ya tatu baada ya kukifunga, kikapasuka. Tulipouangalia ufa, ulikuwa umeanzia kwenye mmeguko mdogo kuliko punje ya mchele, pembeni kabisa, palepale nilipopitisha diski. Kioo kipya nilikilipia mwenyewe. Tangu hapo nachagua diski kwa kuuliza itaniachia ukingo wa namna gani. Kasi yake nauliza baadaye.

Sababu ni kwamba kioo hakinyolewi kama mbao. Kila punje ya almasi inavunja kipande kidogo sana, na chini ya pale palipovunjika hubaki nyufa ambazo jicho halizioni. Punje ikiwa kubwa, nyufa zinaingia ndani zaidi. Meno yakigonga ukingo kwa kuruka ruka, ni mbaya mara mbili. Kusaga vizuri ni kushuka kutoka punje kubwa hadi ndogo, kila hatua ikiondoa nyufa zilizoachwa na hatua iliyopita.

Na maji si hiari. Almasi ikipata joto la nyuzi 700 na zaidi ikiwa hewani huanza kuharibika, na kioo kikipata moto sehemu moja kinapasuka chenyewe. Halafu kuna vumbi. Vumbi la marumaru lina silika, nayo huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Vijana wengi wanakata marumaru kavu kwenye saiti huku wamejifunga fulana puani. Fulana haizuii vumbi lile. Maji yanalizuia lisipae.

Sasa nipange kwa mfuatano wangu.

Namba moja ni diski ya almasi yenye ukingo mzima, usio na meno wala mapengo, ya milimita 115, ambayo almasi zake zimechanganywa na unga wa chuma vikachomwa pamoja tanuruni. Almasi zimo hadi ndani ya ukingo, kwa hiyo safu moja ikiisha nyingine inatokea. Hapa wanunuzi wengi hukosea: diski hii ikiwa mpya ukiigusa ni laini, almasi huzioni, unadhani imeisha makali. Mwenye duka anakuletea nyingine inayokwaruza kama msasa, unaichukua hiyo kwa furaha. Ile laini ndiyo itakayodumu. Ukifika nayo nyumbani, kata nayo tofali la saruji mara tatu nne, almasi zitajitokeza. Na siku ikianza kuteleza bila kula, rudia tofali hilohilo kabla hujaitupa. Kama kazi yako ni poselini, tafuta iliyoandikwa poselini. Kitu kigumu kinataka diski ambayo chuma chake ni laini, ili almasi butu zing'oke haraka na kuachia mpya.

Namba mbili, na kwa fundi vioo ningesema ni namba moja na nusu, ni seti ya pedi za resini zinazobandikwa kwa velkro: 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000. Namba ikipanda punje inakuwa ndogo. Hizi ndizo zinazofuta makosa ya diski. Usiruke namba. Ukitoka 100 ukaenda 800, mikwaruzo ya 100 itabaki chini ya mng'ao na utaiona jua likipiga. Kwa graniti ya kaunta, 3000 inatosha kung'arisha. Kioo kinahitaji hatua ya mwisho ya unga wa seriamu, ule wa kung'arishia kioo, na kitambaa kizito. Lakini soma nyuma ya pedi: nyingi za inchi nne haziruhusiwi kuzidi mizunguko 4,500 hivi kwa dakika, wakati grenda ndogo ya kawaida inazunguka 11,000. Pedi itachomoka na kukupiga. Nunua mashine ya kung'arishia ya maji au grenda ya kupunguza mwendo, na hakikisha uzi wa kishikio cha pedi unaingia: grenda za 115 huwa na M14 (uzi wa milimita 14), nyingi za 100 zina M10.

Namba tatu ni jiwe la kijani la silikoni kabaidi la grenda ya mezani. Linafaa kuondoa makali kwenye vipande vidogo, vigae vya mapambo, vikombe. Si jiwe jeupe wala la kijivu la kunolea chuma, hayo yana aluminiamu oksaidi na kwenye kioo yanachoma tu. Kabla ya kulipa, lining'inize kwa kidole tunduni uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Lililo zima hulia kama kengele. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, liache. Na ukimaliza kazi ya maji, funga maji kwanza, uliache lizunguke dakika chache. Maji yakibaki upande wa chini, kesho litaanza likiyumba.

Namba nne, diski iliyopakwa almasi juu kwa nikeli. Safu ni moja. Ikiisha, imeisha. Inatoa mkato safi ikiwa mpya, kwa hiyo kwa mtu mwenye kazi moja ya bafuni kwake siwezi kumkataza. Fundi wa kila siku asiihesabu kama akiba.

Ya meno iwe ya mwisho, na kwenye kioo isiguse kabisa.

Pale dukani, ilaze diski kwenye kioo cha kaunta. Ikicheza, imepinda. Tafuta maandishi ya mizunguko: ya 115 inayostahimili mita 80 kwa sekunde huandikwa 13,300, ya 230 huandikwa 6,650, pamoja na namba ya kiwango EN 13236. Isiyo na namba yoyote iache, hata kama imeshushwa bei. Pima tundu pia. Grenda ya 115 inataka milimita 22.2, mashine nyingi za kukatia marumaru za 110 zinataka 20, grenda ndogo za 100 nyingi ni 16. Usikubali kupanuliwa tundu kwa tupa. Omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana bila hiyo huna cha kurudisha nacho.

Grenda ya kawaida haijatengenezwa kuogeshwa. Umeme wetu ni volti 230 na wewe umesimama kwenye tope. Chomeka kupitia kikata umeme cha miliampia 30 (RCD, kile kinachokata umeme ukivuja), mwagia maji kidogo kidogo kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, mota iwe juu ya maji, na usitoe kava. Kama unatumia maji ya kisima, kwa maeneo yetu mengi ya pwani yana chumvi. Suuza diski kwa maji ya bomba jioni uifute, la sivyo asubuhi utaikuta nyekundu kwa kutu.

Kioo cha tempa, kile cha milango ya bafu na cha pembeni mwa magari, hakisagwi. Kikishachomwa kiwandani, ukikigusa ukingo kwa nguvu kinamwagika chote kama chumvi ya mawe. Tafuta muhuri mdogo pembeni kabla hujawasha mashine.

Na unapojaribu diski mpya, tumia kipande kilichobaki. Tope likitoka jeupe na zito kama uji, almasi zinafanya kazi. Likigeuka maji matupu huku mlio unapanda, inateleza, rudi kwenye tofali. Ukimaliza, washa tochi ya simu uilaze sambamba na ukingo: kila mmeguko utatoa nyota yake. Kabla ya kupeleka kwa mteja, mimi narudia pedi ya 200 mpaka nyota zote zizimike, kisha naendelea na 400.