Uzoefu wangu na hadubini ya LED ya macho mawili: seli utaziona hadi wapi

Kwa kuangalia seli, hadubini hii yenye lenzi nne za chini (4x, 10x, 40x na 100x ya mafuta) naipendekeza kwa shule na maabara ndogo. Betri yake ya kuchaji inaokoa kipindi umeme unapokatika. Ila usiinunue kwa ajili ya ile "mara 2000" ya kwenye boksi.

Namba ya kusoma ni ile iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi: ya kwanza ni ukuzaji, ya pili (baada ya mkwaju) inaonyesha uwezo wa lenzi kutenganisha vitu vidogo. Lenzi ya 40/0.65 inatenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban mikromita 0.5, ya 100/1.25, ikiwa na mafuta, inafika karibu 0.27. Ukuzaji wenye faida hauzidi sana namba hiyo ya baada ya mkwaju mara 1000, yaani 1250 kwa lenzi kubwa kabisa. Ukiweka lenzi ya jicho ya 20x, picha inakuwa kubwa na yenye ukungu, lakini hupati chochote kipya.

Kazi nyingi ya seli inamalizikia kwenye 40x. Lenzi ya jicho ikiwa na alama 10x/18 (18 ni upana wa duara lake kwa milimita), gawanya 18 kwa 40: duara unaloliona lina upana wa milimita 0.45. Seli za shavu, zenye mikromita 60 hivi, zinaingia kama saba kwa mstari mmoja.

Namna ninavyoziandaa: nasugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, napaka kwenye tone la maji ya chumvi ya 0.9%, naongeza tone dogo la rangi ya methilini bluu, nasubiri dakika moja. Kava slipu (kioo chembamba cha kufunikia) inashushwa kwa kuinamishwa, ukingo mmoja ukigusa maji kwanza. Ukiidondosha bapa unanasa viputo, na mwanafunzi atachora kiputo akidhani ni seli. Rangi ya ziada inyonywe kwa karatasi ya chujio. Kiini kitatokea bluu iliyokolea, sitoplazimu bluu hafifu. Ukiona kila kitu bluu tupu, rangi imezidi.

Lenzi ya 40x imetengenezewa kava slipu ya milimita 0.17, na nafasi kati yake na kioo ni ndogo mno. Slaidi ikiwekwa juu chini, picha haikai sawa hata ufanyeje, na kulazimisha kwa skrubu kubwa ya kurekebishia picha kunapasua kioo. Hapo tumia skrubu ndogo tu.

Kosa la mafuta ndilo linaloharibu hadubini nyingi. Ukishaweka tone kwa ajili ya 100x, usirudi kwenye 40x: itajipaka mafuta, na picha yake itakuwa na ukungu hadi uisafishe kwa karatasi ya lenzi. Kondensa (lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga) ipandishwe juu kabisa, na mwanga upunguzwe kwa kitufe cha taa. Dayaframu (tundu la kondensa linalopanuliwa na kubanwa) ikibanwa mno, kingo za seli zinakolea lakini vitu vidogo vya ndani vinapotea.

Seli hai zisizotiwa rangi ndiyo sehemu dhaifu ya hadubini hii. Hamira ikiwa hai inaonekana kama kivuli cha kioo ndani ya maji. Seti ya utofauti wa awamu (phase contrast, vifaa vya kuonyesha seli zisizo na rangi) inaliondoa tatizo hilo, mradi pete ya kondensa ilingane na lenzi na zote mbili zikae katikati, jambo linalohakikiwa kwa darubini ndogo ya kurekebishia. Kwa ngozi ya kitunguu haisaidii sana, maana vitu vinene vinazungukwa na mng'ao mweupe; hapo kutia rangi kwa aidini kunashinda.

Sehemu ndogo kabisa za seli, kama mikunjo ya ndani ya mitokondria na ribosomu, ni kazi ya hadubini ya elektroni, ambayo inataka vipande vya seli vyenye unene wa nanomita 70 hivi ndani ya ombwe (mahali pasipo na hewa). Seli hai haiingii humo.

Kabla ya kulipa, weka slaidi, fanya picha iwe safi kwenye 10x, kisha zungusha hadi 40x. Kitu cha katikati kikihama nje ya duara, au picha ikidai zaidi ya mzunguko mdogo wa skrubu ndogo, omba nyingine.