Manati ya kitako ya Kibuye, reli ndefu ndio mpango
Wasee wa Kisumu mnaopenda kulenga makopo, hii manati ya kitako kama cha bunduki na traiga niliagiza kwa fundi wa jua kali pale soko la Kibuye na naikubali sana. Kilichonibamba ni reli, ile mbao raba inavutwa juu yake, ni ndefu, raba inavutwa mbali ndio ishikwe na traiga, na nguvu iko hapo, juu raba inasukuma jiwe kwa umbali mrefu. Ukiongeza umbali wa kuvuta mara 2 na raba pia uifanye ndefu mara 2, mkono unasikia uzito ule ule lakini nishati inakuwa mara 2, spidi nayo karibu mara 1.4, toa tu kile kinapotea njiani. Lakini usiweke raba fupi kwa reli ndefu jameni, itakuwa ngumu kuvuta alafu ikatike haraka. Mbao iko safi, imepigwa msasa poa. Traiga ndio sijaipenda, raba ikivutwa yote hiyo traiga inateleza kidogo na hiyo ni hatari kabisa, fundi aweke pini nene na kizuizi. Ukiijaribu vaa miwani.