Protégé kwa kupanga dhana za ushairi: uzoefu wangu

Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Mombasa, na kwenye Karatasi ya Tatu ya mtihani wa kitaifa, ile ya fasihi, hakuna kinachowatatiza wanafunzi wangu kama ushairi. Mtoto akiulizwa bahari ya shairi, yaani mtindo wake, hujibu "ukaraguni" (vina kubadilika ubeti hadi ubeti) kwa kubahatisha, kwa sababu kina chenyewe, silabi zenye sauti moja katikati au mwishoni mwa mistari, hakijui. Nilitaka grafu ya maarifa, yaani mtandao wa dhana na mishale kati yake, inayoonyesha wazi dhana ipi yategemea ipi, mpaka kwenye silabi. Nikachagua Protégé, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hukaa ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hivyo bando likiisha kazi haisimami.

Nilichoipendea zaidi ni kwamba yakulazimisha useme ni uhusiano gani hasa. Ubaoni twachora mshale tukaendelea. Hapa kila mshale una jina. Yangu ni matatu: "ni aina ya", "ni sehemu ya" na "hutegemea". Tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ni aina ya shairi. Mshororo ni sehemu ya ubeti, na ubeti hutegemea mshororo, maana huwezi kumfafanulia mtu ubeti ikiwa mshororo haujui. Mtu aweza kudhani basi kizima hutegemea sehemu zake siku zote. Lakini tazama kibwagizo. Nacho ni sehemu ya ubeti, ila hakieleweki mpaka ubeti ueleweke kwanza, kwani ni mshororo wa mwisho unaorudiwa ubeti baada ya ubeti. Hapo utegemezi umegeuka upande. Mwalimu anayeuchanganya na usehemu atafundisha kibwagizo mapema mno, na darasa zima litakikariri bila kukielewa.

Ukishasema kwamba "hutegemea" ni uhusiano unaopita, yaani ukaraguni hutegemea kina na kina hutegemea silabi, HermiT, kichanganuzi cha mantiki kilichomo ndani ya Protégé, huongeza chenyewe kwamba ukaraguni hutegemea silabi. Kinyume chake, "hutegemewa na", nacho hujijaza.

Penye ugumu ni kwenye miduara, na miduara ndiyo maradhi ya ufafanuzi wetu. Mizani ni nini? Idadi ya silabi katika mshororo. Na mshororo? Mstari wenye mizani maalumu. Nilitaka programu ikatae jambo hilo. Lakini kanuni za OWL 2, lugha ya kiwango ambayo Protégé huitumia, haziruhusu uhusiano mmoja uwe unaopita na hapohapo upigwe marufuku kurudi ulikotoka. Kizuizi hicho cha OWL 2 kiliwekwa ili hesabu za mantiki ziwe na mwisho. Dawa ni kuwa na mahusiano mawili: "hutegemea moja kwa moja", unaoujaza kwa mkono na kuukataza kurudi, na juu yake "hutegemea", unaopita. SKOS, kiwango cha kupanga istilahi kilichotolewa mwaka 2009 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kimefuata njia hiyohiyo kwa dhana pana na finyu. Sasa mizani na mshororo zikitegemeana, HermiT hutangaza mgongano, na ukiomba maelezo waonyeshwa ni kauli zipi zinazopingana. Mshororo nimeubakisha kuwa mstari mmoja wa shairi, basi.

Miduara ya dhana tatu au zaidi hupenya hapo. Hiyo naitafuta kwa swali la SPARQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye grafu, lenye alama ya kujumlisha (+), linalouliza ni dhana ipi yajifikia yenyewe.

Jambo la pili la kujua kabla ya kuanza: kwa Protégé, kisichoandikwa si uongo, ni kisichojulikana tu. Ukisahau kusema takhmisa, shairi la mishororo mitano kila ubeti, hutegemea nini, haitakukumbusha. Ukaguzi wa aina hiyo wataka SHACL, lugha nyingine ya kukagua kama data imekamilika, na kwa mwalimu asiyezoea msimbo huo ni mzigo. Menyu ni za Kiingereza, ingawa dhana zenyewe waweza kuzipa majina ya Kiswahili na alama ya lugha. Michoro ya OntoGraf, sehemu ya Protégé inayochora grafu, husongamana haraka.

Kwa anayetaka picha ya kubandika ukutani, singemshauri. Mimi naitumia kabla ya kipindi. Nikichagua tarbia ya Muyaka bin Haji, naiuliza Protégé bahari yake, tuseme ukaraguni, yahitaji nini, inanitolea ubeti, mshororo, kipande (sehemu ya mshororo), kina na silabi. Yanayokosekana darasani ndiyo nianzayo nayo.