Gitaa la umeme la bei mbaya: lipi la kupanda nalo Mbeya?

Wapiga solo wa kwaya wakikaa pamoja hapa Mbeya, dakika kumi haziishi kabla mtu hajataja Gibson, kampuni ya Marekani inayotengeneza gitaa la Les Paul. Mwenye ndugu Marekani anataka aletewe Les Paul, mwenye mkopo wa saccos anauliza Les Paul, na hata aliyenunua gitaa lake la kwanza mwezi jana anaota Les Paul. Mimi nimeiweka ya mwisho kati ya magitaa manne ninayoyapanga hapa. Nimepiga miaka mingi kanisani na kwenye maharusi, kutoka Tunduma mpaka Iringa, kwa hiyo ninayapima magitaa haya kwa barabara hizi, baridi hii na umeme huu.

Kwanza bei, maana ndiyo inayokata maneno. Kwa bei za madukani Marekani, Les Paul Standard mpya inapita dola 2,500. Telecaster au Stratocaster ya Fender inayotengenezwa Corona, California, inaanzia karibu dola 1,700 kwa matoleo ya kitaalamu, na ile ya kiwanda chao cha Ensenada, Mexico, ni kama nusu ya hapo. PRS SE Custom 24 inacheza karibu na dola 1,000. Juu ya hizo weka usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Anayekuahidi kukuletea "bila mambo mengi" muulize kwanza yeye anaitaje hayo mambo.

Ya kwanza: Telecaster

Leo Fender alilitoa gitaa hili mwaka 1950, na jina la Telecaster likaja 1951. Mifano yake ya mwanzo ilichongwa kwa paini, mti wa ukoo uleule unaofunika Sao Hill kule Mufindi. (Kabla hujakimbilia shoka: ya kuuza waliyachonga kwa ash, mbao ngumu zaidi.) Ninachokipenda ni kwamba halina makuu. Shingo imefungwa kwa skrubu nne, pikapu za kunasa mlio ni mbili, na waya za ndani zinahesabika. Fundi redio wa Mwanjelwa mwenye mkono mtulivu analifungua na kulifunga bila kukuharibia kitu. Shingo ikipinda kabisa, unanunua nyingine na kuifunga.

Daraja lake, pale nyuzi zinapokaa juu ya bodi, halichezi. Uzi ukikatika katikati ya pambio, tano zilizobaki zinashika sauti zake na wimbo unaendelea. Kwa mtu anayepiga bila gitaa la akiba, hilo peke yake linatosha kulipandisha juu. Na mlio wake mkali, wenye ncha, ndio solo zetu za sebene zinautaka: kila noti inasikika hata kinanda na ngoma zikiwa juu.

Ubaya wake ni kuvuma. Pikapu (si ile ya kushushia viazi kutoka Uporoto, ni zile sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba chini ya nyuzi) zikiwa za koili moja moja, zinanasa umeme wa ukutani unaotetemeka mara 50 kwa sekunde. Kwenye jengo lisilo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na majengo ya namna hiyo ni mengi, utasikia mmm ya kudumu tangu sala ya kufungua. Ukishika nyuzi inapungua, ukiachia inarudi. Kabla ya kulilaumu gitaa, mwite fundi umeme achimbie ethi. Kasoro nyingine ni ndogo: bodi ni bapa kama ubao wa chapati, ukingo wake unauma mbavu ibada ikipita saa tatu.

Ya Mexico inatosha. Ukiwa na pesa ya Corona, nunua ya Mexico na chenji uiweke kwenye nitakayoyasema mwishoni.

Ya pili: PRS SE Custom 24

Kampuni ya Paul Reed Smith (PRS) ilianza Maryland mwaka 1985. Magitaa yake ya hukohuko yana bei ya kuuzia ng'ombe, ila mfululizo wa SE unatengenezwa Indonesia na kazi yake ni safi. Pikapu zake ni hambaka, koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa moja uue wa nyingine. Ukivuta kitufe cha toni, koili moja inazimwa na unapata mlio mwembamba unaokaribia wa Fender. Unaokaribia tu, mwenye sikio atajua. Freti, vile vyuma vya kukata shingo kwa noti, ni 24, kwa hiyo kule juu kuna nafasi ya kutosha.

Nimeliweka la pili kwa sababu mbili. Daraja lake ni la kuyumba, uzi mmoja ukikatika nyingine zinapotea tyuni. Halafu linakuja na begi laini, na begi laini kwenye buti la basi ni mtihani.

Ya tatu: Stratocaster

Ya 1954, na hakuna bodi iliyokaa vizuri zaidi mwilini. Kuvuma kwake ni kama kwa Telecaster, isipokuwa kwa nyingi za sasa swichi ya kuchagua pikapu ikiwa nafasi ya pili au ya nne mvumo unakufa. Daraja nalo linayumba kwa springi. Wengi wetu tunachomeka kipande cha mbao nyuma yake lisicheze, na ukishafanya hivyo umebaki kujiuliza kwa nini hukununua Telecaster.

Ya nne: Les Paul

Nisieleweke vibaya. Hili la tangu 1952 lina mlio mnene unaodumu, lenye hambaka halivumi, na nyuzi zake ni laini kupinda kwa sababu urefu wake ni milimita 628 dhidi ya 648 za Fender. Siku ya kulishika utanitukana.

Lakini lina kilo nne na ushee begani. Na shingo yake, ya mti wa mahogani, imegundishwa kwenye bodi, kichwa kimelazwa nyuma kwa pembe ya digrii 17, na hapo hapo shingo inapokutana na kichwa mbao imetobolewa kupitisha chuma cha kunyooshea. Ndipo panapokatikia. Niliwahi kusafiri kwenda kupiga harusi Iringa na gitaa la rafiki yangu lenye shingo ya mtindo huo, ndani ya begi la kitambaa. Utingo alililaza kwenye buti, na mahali fulani kabla ya Makambako gunia la mchele wa Kyela likalala juu yake. Nilipofungua zipu Iringa, kichwa kilikuwa kinaning'inia kwa nyuzi. Harusi niliipiga kwa gitaa la kuazima, na urafiki ulichukua muda kupona kuliko shingo.

Hili pia ndilo linaloigwa sana. Kwenye kichwa cha Les Paul halisi kuna kifuniko kidogo chenye skrubu mbili. Ukikuta tatu, rudisha pesa mfukoni.

Kama ndiyo unaanza, mambo yote hayo yaache. Yamaha Pacifica 112V ina hambaka moja na koili moja moja mbili, na tofauti ya bei itakupa ampli.

Maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Gitaa la mamilioni linachomekwa moja kwa moja kwenye mixer ya kanisa, mlio unatoka kama redio iliyofunikwa blanketi, mwenye gitaa anadhani ameuziwa feki. Njia ile si ya gitaa, inameza sauti za juu. Nunua DI boksi, kijisanduku cha kulinganisha gitaa na mixer, au ampli yako mwenyewe. Nunua kasha gumu. Nunua seti kumi za nyuzi ukiwa Dar, usitegemee kuzipata huku Jumamosi jioni.

Na likishapanda kutoka joto la Pwani mpaka huku mita 1,700, hasa Juni au Julai, usilifungue kasha palepale stendi. Liache ndani ya nyumba saa kadhaa, maana rangi ya Gibson inaweza kupasuka kwa baridi ya ghafla. Hewa kavu itaikausha shingo, na baada ya wiki chache utahisi ncha za freti zinakukwaruza pembeni. Fundi azipige tupa taratibu, ila asubiri shingo itulie kwanza, na chuma cha ndani akizungushe robo mzunguko kwa siku, asizidishe.