Uzoefu wangu na Spider-Man 2 ya mwaka 2004: mchezo ambao utando unanasa kwenye jengo

Michezo ya video inayotokana na filamu imezoeleka kuwa bidhaa za kupita, zinazowahishwa sokoni ili ziende sambamba na filamu yenyewe, na mara nyingi mnunuzi hujikuta akiyarudia matukio aliyokwisha kuyatazama, tofauti ikiwa ni kwamba sasa ameshika kidhibiti mkononi. Spider-Man 2, uliotengenezwa na Treyarch na kutolewa na Activision mwezi Juni 2004, wakati filamu ya Sam Raimi yenye jina hilohilo ikiingia kwenye majumba ya sinema, ulizaliwa katika mazingira hayohayo. Hata hivyo, ndio mchezo ninaourudia kila ninapotamani kuhisi jinsi shujaa huyu anavyosafiri angani. Nimeucheza kwenye mashine ya michezo ya PlayStation 2, na ninayoyaeleza hapa yanahusu toleo hilo.

Kinachonirudisha ni kubembea. Katika mchezo wa filamu ya kwanza, uliotoka mwaka 2002, Spider-Man alirusha utando juu nao ukanasa hewani, hata pale ambapo juu yake hapakuwa na chochote isipokuwa anga. Safari hii watengenezaji, wakifuata wazo lililopiganiwa na Jamie Fristrom, mmoja wa wasanifu wao, waliamua kwamba kila uzi lazima unase kwenye kitu ambacho kweli kipo mjini. Ukirusha uzi kulia, unashika ghorofa la kulia na mwili wote unavutwa upande huo. Ukitaka kunyoosha katikati ya barabara, inakubidi upokezane kulia na kushoto na kuuachia kila uzi kwa wakati wake. Ukiuachia mapema, unafyatuka mbele kwa kasi lakini chini kwa chini, karibu na magari. Ukichelewa, unapaa juu huku kasi ikikuishia. Hakuna anayekufundisha vipimo hivyo kwa maneno, vidole ndivyo vinavyojifunza, na ndiyo maana mwanzoni mchezo unaonekana mgumu kwa mtu aliyezoea kubonyeza kitufe kimoja na kupelekwa.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kupanda hadi kilele cha Empire State Building, kuruka, na kumwacha Spider-Man aanguke bila kushika chochote. Ukuta unapita mbele ya macho, upepo unazidi kuvuma kwenye spika, magari yaliyoonekana kama punje yanaanza kuwa na maumbo, na barabara inapokaribia kabisa unarusha uzi. Kasi yote ya kuanguka inageuka kuwa kasi ya kwenda mbele, miguu inapita juu kidogo ya mapaa ya teksi za manjano, kisha mduara wa bembea unakuinua tena hadi usawa wa madirisha ya ghorofa za kati. Katika nukta hiyo ninaamini kabisa kwamba mwili ule una uzito, imani ambayo michezo mingi yenye picha nzuri zaidi haijawahi kunipa.

Mji wenyewe ni Manhattan, kisiwa kizima, na unaweza kukivuka kutoka kaskazini hadi kusini bila kusimamishwa na skrini ya kusubiri. Kwa kuwa utando unategemea majengo, umbo la mji linageuka kuwa sehemu ya mchezo. Kwenye mitaa ya maghorofa marefu unapaa; kwenye vitongoji vya nyumba fupi bembea zinakuwa fupi na miguu inakaribia kugusa lami; ukifika Central Park majengo yanakuacha na kasi inapungua. Helikopta ikipita juu, nayo inaweza kushikwa, na ndiyo njia ya kufikia Sanamu ya Uhuru iliyo peke yake majini. Baada ya muda nilianza kuchagua mitaa kwa urefu wa majengo yake badala ya kuitazama ramani, na huo kwangu ni ushahidi kwamba wazo la uzi kunasa kwenye kitu halisi lilikuwa sahihi.

Hadithi inafuata filamu kwa mbali: Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man mwenyewe, anahangaika na masomo, kazi na mpenzi wake Mary Jane, huku adui yake, mwanasayansi Doctor Octopus, akiendelea na jaribio lake. Tobey Maguire, Kirsten Dunst na Alfred Molina wametoa sauti zao wenyewe, na Molina ndiye anayebeba uzito wa uhusika wake vizuri zaidi. Bruce Campbell anasimulia na kutoa maelekezo kwa utani unaomsindikiza mchezaji mji mzima. Kwa maoni yangu, sehemu zinazonakili filamu ndizo dhaifu zaidi, kwa sababu mara nyingi zinakufungia ndani ya chumba, mahali ambapo kamera inabanwa na kuta na kubembea hakuna nafasi. Sehemu bora ni zile ambazo filamu haikuwa nazo. Black Cat, mwizi wa kike, anakufanya umfukuze juu ya mapaa usiku na kukulazimisha utumie kila ulichojifunza; Mysterio, adui mwingine, naye ana pambano moja dukani ambalo mstari wake wa uhai unajaa mara kadhaa mbele ya macho yako, unajiandaa kwa vita virefu, kisha anaanguka kwa ngumi moja. Nilifurahi sana, kwa sababu waliobuni tukio hilo walimwelewa Mysterio kuwa mtu wa kiini macho tangu mwanzo hadi mwisho.

Kasoro kubwa ni kujirudia. Ili sura inayofuata ifunguke, mara nyingi unatakiwa kukusanya alama za ushujaa, na alama hizo zinapatikana kwa kusaidia watu mitaani: majambazi wameiba gari, mtu ananing'inia kwenye ukingo wa jengo, majeruhi anahitaji kufikishwa hospitalini, mtoto analilia puto lililomponyoka. Mwanzoni inapendeza kuona mji unamhitaji shujaa, lakini matukio ni machache na sauti za wanaoomba msaada ni zilezile, kiasi kwamba unajua sentensi itakayofuata kabla haijatamkwa. Kazi za kupeleka piza, zenye saa inayohesabu na muziki wa Kiitaliano usiokupa pumzi, wengi wanazilalamikia. Mimi nazitetea, kwa kuwa zinakulazimisha kubembea kwa usahihi badala ya kupigana tu. Mapigano yenyewe ni ya wastani. Kitufe cha kukwepa, kikitumiwa pale hisia za buibui zinapotoa onyo, pamoja na uwezo wa kupunguza mwendo wa muda, vinatosha kummaliza karibu kila adui wa mitaani, na mbinu nyingi unazonunua baadaye hazina ulazima.

Atakayeanza leo namshauri atumie alama zake za kwanza kununua nyongeza za kasi ya kubembea, kabla ya mbinu yoyote ya ngumi, kwa sababu kasi ya mwanzo ni ndogo na inaweza kumfanya mtu akate tamaa kabla hajauonja mchezo wenyewe. Pia awe makini sana na toleo. Mchezo uliouzwa kwa jina hilohilo kwa ajili ya kompyuta ni mwingine kabisa, uliorahisishwa, ambao utando hunasa tu kwenye sehemu zilizowekewa alama. Yote niliyoyasifu kuhusu majengo na kasi hayamo. Matoleo yanayofanana na haya ninayoyaeleza ni ya PlayStation 2, Xbox na GameCube.

Michezo ya Spider-Man iliyofuata ina picha safi zaidi na hadithi bora, na mingi inakusaidia usianguke. Huu unakuachia kosa lako mwenyewe, kisha unakuacha ulirekebishe ukiwa bado hewani, na mtu anayethamini hilo atausamehe puto la mtoto yule hata akilisikia likililiwa kila mtaa.