Pikapu ya Stout ndani ya karakana ya magari ya watalii, Unga Limited

Karakana ninayoieleza iko Unga Limited, Arusha, na kazi inayoilisha kila siku ni kukata Land Cruiser katikati, kuzirefusha ili ziongezwe mstari wa viti, kuzifungia paa linaloinuka, kisha kuzirudisha kwa wenye kampuni za utalii zikiwa tayari kwa njia za Serengeti. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sehemu ya maelezo haya ni malalamiko ambayo tayari tumeyazungumza ana kwa ana. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayejenga gari lake nyumbani na ambaye, kama mimi, amefika mahali ambapo vifaa vya uani havitoshi.

Gari lenyewe ni pikapu ya Toyota Stout ya miaka ya sabini, ile yenye injini ya 5R ya sentimita za ujazo 1,994, ambayo wazee wengi wa Kilimanjaro na Arusha wanaikumbuka ikishusha ndizi na maziwa sokoni. Nililikuta limeegeshwa chini ya mparachichi huko Tengeru, sakafu imeliwa na kutu, lakini kabini yake ya mviringo ilikuwa nzima. Nia yangu ni kulifanya hotirodi, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito, likashushwa karibu na ardhi na kupewa injini yenye nguvu kuliko ile lililozaliwa nayo. Vijana wa California walianza mchezo huo kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakishindana kwenye mabonde makavu ya chumvi na udongo, na gari walilolipenda sana lilikuwa Ford ya mwaka 1932, kwa sababu iliuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida ikiwa na injini ya V8, yaani ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 65. Huku kwetu V8 ya bei ya mtu wa kawaida haipo, ila saluni za Toyota Mark II chakavu zimejaa. Kwa hiyo nimechukua injini yake ya 1JZ-GE ya silinda sita, lita mbili na nusu, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki.

Kufungua gari, kukwangua kutu, nyaya za umeme, breki na rangi nilivibakiza nyumbani Moshono. Karakana niliipa kazi nne: kutengeneza mauntingi, yaani vishikizo, za injini na giaboksi, kushusha gari kwa nyuma, kupunguza kimo cha paa kwa sentimita sita, na kufupisha propela, lile bomba linalopeleka mzunguko kutoka kwenye giaboksi hadi ekseli ya nyuma.

Kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, watu hawa ni mabingwa, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Ili kushusha sehemu ya nyuma, ekseli iliyokuwa chini ya springi ilihamishiwa juu yake, jambo linaloshusha gari kwa kipimo kikubwa bila kugusa ulaini wa springi, lakini linaiacha ekseli ikikaribia kuigonga chasisi kila gari linapoingia kwenye shimo. Dawa yake ni kukata nusu duara kwenye mhimili wa chasisi juu ya ekseli na kuuimarisha upya. Walikata kwa kipimo, wakaweka bamba la ndani na la nje, na mabamba hayo waliyachonga ncha kama almasi badala ya kuyakata wima. Wanajua kwamba mstari wa kuchomelea unaopita wima kwenye mhimili ndio mahali ambapo ufa huanzia. Hawakutoboa tundu hata moja kwenye ukingo wa juu au wa chini wa mhimili. Nilichukua tochi na kioo kidogo nikakagua kila mshono kwa muda wa saa nzima, na sikupata pa kulalamikia. Mtu aliyekwisha kurefusha Land Cruiser ambayo itabeba watu saba kwenye makorongo mwaka mzima hawezi kubabaishwa na pikapu moja.

Tatizo ni kwamba ustadi wao wote umefundishwa na barabara mbaya. Kazi yao ni kurefusha, kuinua na kuongeza chuma. Mimi nilitaka kufupisha, kushusha na kupunguza. Siku ya tatu nilikuta wameanza kuunga bamba la milimita sita chini ya mauntingi ambapo milimita nne zingetosha, na pembeni limelala bomba nene la ulinzi wa mbele ambalo sikuliagiza.

"Mzee, gari likishuka hivi litapita wapi?" aliniuliza fundi mkuu, akionyesha barabara ya vumbi iliyokuwa mbele ya lango lake mwenyewe.

Nilimjibu kwamba litapita kwenye lami, na pasipo na lami litapita taratibu. Alicheka, lakini bomba aliliondoa. Tangu siku hiyo nilijifunza kuwaandikia kila kipimo kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha gari: unene wa bamba, urefu, pembe. Walipokuwa na karatasi waliifuata bila kupunguza wala kuongeza. Jambo lingine la kuangalia ni umeme. Kijana mmoja alishika mashine ya kuchomelea wakati betri na kompyuta ya injini bado zimeunganishwa, na kama nisingekuwepo huenda kompyuta hiyo ingeungua. Iondoeni wenyewe nyumbani kabla ya kupeleka gari.

Paa lilinishangaza kwa uzuri. Nguzo za kabini zimeinama kuelekea ndani, kwa hiyo ukikata kipande na kulishusha paa moja kwa moja, nguzo za juu hazikutani tena na za chini. Isitoshe, kioo cha mbele cha gari langu ni kile kinachosambaratika vipande vidogo, na kioo cha namna hiyo hakikatiki. Ukikigusa kwa kikatio kinageuka punje. Fundi wa bodi, mtu wa maneno machache sana, alikaa akikitazama karibu nusu siku, kisha akakilaza nyuma badala ya kukikata, ili kioo kilekile kichukue kimo kidogo zaidi, akapunguza paa kwa mbele na kuzipasua nguzo za nyuma ili zifuate mwinamo mpya. Vioo bapa vya milangoni vilikatwa upya kutoka kwenye vioo vya tabaka mbili. Nilipoupaka mshono rangi ya kwanza, sikuhitaji fila zaidi ya unene wa kucha.

Propela ndiyo iliyoniharibia furaha. Ilibidi sehemu ya mbele itoke kwenye Mark II, kwa kuwa ndiyo inayoingia kwenye giaboksi, na sehemu ya nyuma itoke kwenye Stout, kwa kuwa ndiyo inayofungwa kwenye difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, na kati yake liungwe bomba jipya. Waliiunga vizuri kwa macho, wakaipaka rangi nyeusi inayong'aa. Nilipolijaribu gari kwa mara ya kwanza kwenye barabara ya mchepuko ya Arusha, lilikwenda laini hadi kilomita 65 kwa saa, kisha sakafu ikaanza kunguruma, na kufikia 80 kioo cha ndani kilikuwa kinatetemeka kiasi kwamba sikuweza kusoma namba za gari lililokuwa nyuma yangu. Niliweka gia huru na kuacha gari litiririke. Mtetemo haukupungua, ingawa injini ilikuwa imeshuka kwenye mzunguko wa chini. Hapo nilijua injini haina kosa, na kwamba kinachotetemeka ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu.

Kiungo cha msalaba, kile kinachokaa kwenye ncha ya propela, kinapozunguka kikiwa kimepinda, upande unaosukumwa hauendi kwa mwendo sawa: huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kiungo cha pili kwenye ncha nyingine hufuta kasoro hiyo, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, uma (mikono inayoshika msalaba) za ncha mbili za bomba lazima zilale kwenye mstari mmoja. Pili, pembe ya mbele na pembe ya nyuma lazima zilingane. Propela yangu ilikosa yote mawili. Uma zilipishana kwa kiasi ambacho mtu angekiona kwa jicho kama bomba lingelazwa juu ya meza. Na vikalio vya springi, vilivyochomelewa upya chini ya ekseli wakati wa kuihamisha, viliiacha pua ya difu, pale propela inapofungwa, ikitazama chini kupita kipimo. Zaidi ya hayo, bomba halikuwahi kupimwa mizani, yaani kuhakikishwa kwamba uzito wake uko sawa pande zote, baada ya kuungwa. Land Cruiser inayokwenda mbugani kwa mwendo wa kilomita 50 inaweza kuishi miaka na kasoro hizi bila dereva kujua, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyezitafuta.

Niliporudi hawakubisha, na hilo ninawapa haki yao. Dada anayeshika daftari la malipo alinirudishia fedha zote za kazi ya propela siku hiyohiyo. Hata hivyo, waliponipa suluhisho la kuongeza raba kwenye mauntingi ili "mtetemo usisikike", nilikataa. Nilipeleka bomba kwa fundi wa kerezo, ile mashine ya kuchonga chuma kikiwa kinazunguka, akalikata, akalipanga upya na kulipima mizani. Nami nyumbani nikaingiza kabari za chuma za digrii nne kati ya springi na ekseli kuinua pua ya difu. Sasa gari linapita 100 kwa saa bila kelele.

Kuhusu muda, niliambiwa wiki tatu zikawa kumi na moja, kwa sababu kila msimu wa watalii unapokaribia, gari la mtu binafsi husukumwa pembeni. Ukiweza, peleka kazi yako wakati wa mvua za masika, ambapo karakana za aina hii hupumua. Bei tulikubaliana shilingi 1,800,000. Nililipa 1,950,000 baada ya kurudishiwa za propela, na nyongeza ilitokana na vioo vya milangoni, ambavyo kwa kweli nilivisahau mimi.

Breki za dramu nilizibadilisha kwa diski za mbele na masta silinda yenye njia mbili kabla injini mpya haijawashwa, na taarifa za injini na rangi bado zinasubiri ukaguzi ili ziingizwe kwenye kadi ya usajili. Limebaki bodi la nyuma, ambalo nataka liwe fupi na la mbao pembeni. Hilo nitalirudisha Unga Limited kwa yule fundi wa maneno machache, vipimo vikiwa vimebandikwa kwenye kioo. Chochote kinachozunguka nitampelekea wa kerezo.