Haidroksiklorokwini miligramu 200 kwa lupasi: dawa nzuri, kuipata Dar ndiko kazi

Dawa yenyewe tunaipa nyota 5, upatikanaji wake 2. Katika lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, hutuliza viungo, uchovu na vipele, huzuia ugonjwa kulipuka upya na husaidia kulinda figo. Hata mjamzito kwa kawaida huendelea nayo. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi polepole: nafuu huja baada ya wiki 6 hadi miezi 3, pengine zaidi. Wengi huiacha mwezi wa pili wakiona hela imepotea bure, na hilo linasikitisha.

Kikwazo kinaanzia dirishani. Tanzania iliacha kutibu malaria kwa klorokwini mwaka 2001, hivyo muuzaji asiyeijua atakwambia "hiyo ilishaondolewa", au atakupa klorokwini ya kawaida akidai ni ileile. Siyo. Msomee jina lote, hakikisha boksi limeandikwa miligramu 200, tazama tarehe ya mwisho, dai risiti. Maduka ya mtaani mara nyingi hayana. Zipigie simu famasi kubwa za mjini au za jirani na hospitali za rufaa kabla hujapanda daladala. Anza kutafuta vikiwa vimebaki vidonge vya wiki 2.

Kipimo kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 haruhusiwi kupita 300, na kidonge hakikatwi, kwa hiyo daktari huweza kumwandikia vidonge 2 leo, 1 kesho. Inawezekana kwa kuwa dawa hukaa mwilini wiki nyingi. Imeze na chakula, la sivyo tumbo litasokota. Dawa ya kiungulia ipishane nayo saa 4. Wanaokumbuka muwasho wa klorokwini wasiikimbie: nayo huweza kuwasha, ila mara chache zaidi.

Dawa hii huweza kudhuru retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho, hivyo ipimwe ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka 5. Mwenye figo dhaifu aanze mapema. Kupimwa miwani hakutoshi.

Hata ukiwa kwenye dawa, jua la Dar bado ni adui wa mwenye lupasi: mikono mirefu, mtandio, mwavuli. Kwenye ngozi nyeusi vipele huwa vya zambarau au vyeusi kuliko vyekundu, ndiyo maana huitwa fangasi na mgonjwa hupewa krimu miezi kadhaa. Na ukienda zahanati kwa UTI, taja lupasi kabla hujaandikiwa chochote, maana Septrini, antibiotiki ya salfa, huweza kuiamsha.